Vifaa vya kupikia pombe nyumbani: anayeanza Ifakara anunue nini?

Mavuno ya mpunga yanapomalizika katika bonde la Kilombero, fedha huingia mikononi mwa wakulima, na sherehe, ngoma na vikao vya ukoo huanza. Kwa mfanyabiashara mdogo wa Ifakara hicho ndicho kipindi cha kutazama wapi shilingi inazunguka. Mojawapo ya mahali inapozunguka, msimu hadi msimu, ni kilabu cha pombe ya kienyeji. Komoni na kangara hazihitaji kiwanda wala umeme, na mnunuzi wake yupo jirani.

Ndiyo maana wengi wenye mtaji mdogo, hasa akina mama wanaotafuta ada ya watoto, huanza kwa kupika pombe. Swali la kwanza wanalouliza ni la vifaa. Je, kununua pipa la mtumba kunatosha? Kuna haja ya seti maalumu zinazotengenezwa Ulaya na Marekani kwa wapishi wa nyumbani? Makala hii inajibu maswali hayo kwa kutazama pande mbili: fedha ya mwekezaji na usalama wa mnywaji. Kama msomaji atakavyoona, pande hizo haziachani.

Seti ya kutoka nje ni kitu gani?

Katika nchi za Magharibi, kupika bia nyumbani ni shughuli ya kujifurahisha. Uingereza iliondoa sharti la leseni kwa mpishi wa nyumbani mwaka 1963, na Marekani ikaruhusu kwa sheria ya shirikisho iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Tangu hapo kumekuwa na biashara nzima ya kuuza vifaa kwa anayeanza.

Seti ya kawaida huwa na ndoo kubwa ya plastiki yenye mfuniko, kizibo maalumu kinachotoa hewa bila kuiingiza, mpira wa kuhamishia pombe, kipimajoto, haidromita ya kupimia sukari na ulevi, na kifaa cha kufungia vizibo vya chupa. Pamoja na hivyo kuna kopo la rojo ya kimea cha shayiri iliyokwisha kutiwa hopsi, na pakiti ndogo ya hamira. Mnunuzi huongeza maji na sukari. Mkupuo mmoja hutoa lita zipatazo 23, yaani chupa za nusu lita zipatazo 46.

Kwa mtazamaji, seti hiyo inavutia. Kwa mfanyabiashara wa Ifakara ina kasoro tatu.

Kwanza, kopo ni la mkupuo mmoja tu. Ukitaka kupika tena lazima uagize kopo jingine kutoka nje, kwa fedha za kigeni, usafiri na ushuru. Biashara inayotegemea malighafi ya namna hiyo haiwezi kushindana na komoni ya jirani.

Pili, hamira ya seti imezoea baridi. Hamira nyingi za bia za aina ya eli hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22 za Selsiasi, na zile za laga huhitaji nyuzi 10 hadi 13 hivi. Ifakara ni mji wa bondeni, ambako joto la mchana hupanda nyuzi 30 na zaidi. Hamira hiyo ikipikwa katika joto kali hutoa ladha ya ukali na harufu isiyopendeza. Wapo wapishi wa Norwei wenye hamira ya kienyeji iitwayo kveik, inayostahimili joto la nyuzi 30 na kitu, lakini hiyo haimo katika seti nyingi za wanaoanza.

Tatu, ni suala la chupa. Bia ya seti hutiwa sukari kidogo kisha hufungwa kwenye chupa ili itoe povu. Ikifungwa kabla haijamaliza kuchachuka, halafu ikawekwa kwenye chumba chenye joto, chupa hupasuka kama bomu. Vipande vya kioo vimewahi kuwajeruhi wapishi hata katika nchi zenye ubaridi. Anayeanza asijaribu kabisa jambo hili bila haidromita.

Kwa hiyo ushauri wa ukurasa huu ni kwamba seti nzima usiinunue. Chukua kutoka katika seti hiyo vitu viwili ambavyo soko letu halina kwa wingi, yaani kipimajoto na haidromita. Vingine vyote vipo Ifakara au Morogoro mjini.

Chombo ndicho mtaji

Kosa kubwa la anayeanza ni kununua chombo kwa kutazama bei peke yake. Mwandishi wa makala hii ameujua ukweli huo kwa gharama yake mwenyewe. Nilipomaliza masomo ya biashara niliweka akiba yangu ndogo pamoja na ya shangazi yangu anayepika pombe, yeye mwenye ujuzi na mimi mwenye daftari. Ili kubana matumizi nilinunua pipa la mtumba kwa muuzaji aliyeniambia kuwa lilibeba mafuta ya kula. Tulilichemshia maji mara mbili, tukalisugua kwa mchanga na majivu. Siku ya tatu pombe ilipoiva, shangazi aliinusa, akaionja kwa ncha ya ulimi, akaitema. Ilikuwa na harufu ya dawa. Nilimsihi tuiuze kwa bei ya chini. Alikataa katakata, akaimwaga yote shimoni, na wateja wa wiki hiyo wakaenda kwa wengine. Tulipoteza zaidi ya nusu ya fedha tuliyoanzia. Lakini hakuna aliyeumwa, na wateja walirudi. Leo naona kwamba siku ile shangazi alijua biashara kuliko mimi niliyeisomea.

Somo ni kwamba pipa lisilojulikana historia yake si rahisi hata likiuzwa kwa bei ya bure. Plastiki hunyonya dawa ya shambani, mafuta ya mitambo na kemikali nyingine, na pombe ambayo ni chachu huzitoa tena taratibu.

Pipa la chuma nalo lina kesi yake. Kusini mwa Afrika, tangu miaka ya 1920, madaktari waliwakuta watu wazima wenye chuma kingi mno kwenye ini. Uchunguzi wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba chanzo kikubwa kilikuwa pombe ya kienyeji iliyopikwa na kuchachuliwa katika vyombo vya chuma. Uchachu wa pombe huyeyusha chuma, na mnywaji wa kila siku hukikusanya mwilini kwa miaka. Mabati yenye zinki nayo huyeyuka vivyo hivyo. Pipa la chuma linaweza kuchemshia maji, lakini pombe isilale humo.

Basi anayeanza anunue vitu vifuatavyo:

1. Sufuria kubwa moja ya kupikia uji, pamoja na mwiko mrefu wa mti.

2. Ndoo nne mpya za plastiki za lita 20, zenye mifuniko. Tazama chini ya ndoo. Alama ya glasi na uma huonyesha kuwa imetengenezwa kwa ajili ya chakula. Namba 2 ndani ya pembetatu ni aina ya plastiki ngumu inayotumika sana kwa vyakula, lakini namba peke yake haisemi kilichowahi kuhifadhiwa humo. Ndiyo maana tunasema ndoo iwe mpya.

3. Kipimajoto cha kupikia kinachofika nyuzi 100.

4. Haidromita na mtungi wake mwembamba wa kupimia, kwa yule anayekusudia kujua ukali wa pombe yake au kuifunga siku moja.

5. Chekecheo au kitambaa safi cha kuchujia, kata, na mpira wa plastiki wa kuhamishia pombe bila kuitikisa mashapo.

6. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato. Kijiko kimoja cha chakula katika lita nne au tano za maji kinatosha kuoshea vyombo vilivyokwisha kusuguliwa. Kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Usiichanganye kamwe na siki au ndimu, kwani hutoa hewa ya sumu.

7. Daftari na kalamu.

Ndoo nne ni bora kuliko pipa moja la lita 200 kwa sababu ya kibiashara. Pipa likiharibika umepoteza mkupuo wote. Ndoo moja ikiharibika umebakiwa na tatu. Ndoo pia hunyanyulika na hupata nafasi katika chumba kidogo. Pipa litakuja baadaye, soko likishathibitika.

Kwa nini kipimajoto kinalipa

Wapishi wazoefu hutumia mkono. Uji ukipoa kiasi cha kuvumilika, ndipo hutia kimea. Ujuzi huo una maana. Nafaka iliyochipua ina vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na hamira hula sukari hiyo ikatoa ulevi. Vimeng'enya hivyo hufanya kazi vizuri katika nyuzi 60 hadi 65 hivi. Uji ukiwa unatokota, kimea hufa na uji hubaki uji. Ukiwa umepoa mno, kazi huenda polepole na vijidudu vya uchachu huwahi kuingia. Mkono wa mama mwenye uzoefu wa miaka 20 haukosei sana, lakini mkono wa anayeanza hukosea.

Hebu tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, na kila msomaji aweke bei za soko lake. Tuseme vifaa vyote vimegharimu Sh. 120,000 na vitapika mikupuo 60 kabla ya kuchakaa. Uchakavu ni Sh. 2,000 kwa mkupuo. Tuseme nafaka, kimea, kuni, maji na usafiri ni Sh. 18,000, na kazi yako umeilipa Sh. 6,000. Katika lita 60 unapata lita 50 za kuuza baada ya kuondoa machicha. Ukiuza lita kwa Sh. 700 unapata Sh. 35,000. Ukitoa gharama zote, faida ni Sh. 9,000.

Mkupuo mmoja ukiharibika unapoteza Sh. 26,000 pamoja na uchakavu, yaani faida ya mikupuo karibu mitatu mizuri.

Sasa tazama muda wa kurudisha mtaji wa vifaa. Pasipo kuharibika chochote, kila mkupuo huacha Sh. 11,000 taslimu mkononi, kwa kuwa uchakavu si fedha inayotoka siku hiyo. Sh. 120,000 zitarudi baada ya mikupuo 11. Lakini ikiwa mmoja katika kila mitano unaharibika, minne mizuri inaleta Sh. 44,000 na mmoja mbaya unakula Sh. 24,000. Hubaki Sh. 20,000 kwa mikupuo mitano, au Sh. 4,000 kwa mmoja. Mtaji huohuo sasa utarudi baada ya mikupuo 30. Kwa anayepika mara moja kwa wiki, hiyo ni tofauti kati ya miezi mitatu na miezi saba.

Hapo ndipo kipimajoto na dawa ya kuoshea vyombo vinapokuwa uwekezaji, wala si anasa.

Malighafi: bonde lina nini?

Kilombero ni bonde la mpunga, na mahindi hulimwa kwa wingi. Ulezi, ambao wapishi wengi huupendelea kwa kimea, huletwa zaidi kutoka nyanda za juu za kusini, na mtama hulimwa sana Dodoma na Singida. Kwa hiyo kimea ndicho kitu cha bei ya kupanda na kushuka. Mwenye akiba anunue ulezi wakati wa mavuno ya huko, autunze mkavu, na achipuze mwenyewe kiasi anachohitaji.

Kuchipuza si kazi ngumu. Loweka nafaka usiku mmoja, ichuje, itandaze mahali penye kivuli huku ukiinyunyizia maji kwa siku mbili au tatu hadi ichipue, kisha ianike juani hadi ikauke kabisa, na uisage. Ukitumia mtama, sugua na upepete machipukizi na mizizi yote. Machipukizi ya mtama yana kemikali inayoweza kutoa sayanidi, ambayo ni sumu.

Kuna nafasi ambayo wapishi wa bondeni wanaweza kuitazama zaidi, nayo ni chenga za mchele kutoka mashine za kukoboa. Mchele si mgeni katika bia, kwani Budweiser ya Marekani hutumia mchele pamoja na shayiri. Chenga zipikwe kwanza hadi zilainike kabisa, ndipo kimea kitiwe katika joto tulilotaja. Peke yake mchele haujigeuzi kuwa sukari. Anza na ndoo moja ya majaribio, linganisha gharama na ya unga wa mahindi, kisha wape wateja waonje. Mnywaji wa komoni ana ladha yake, na soko ndilo litakaloamua.

Nafaka za kienyeji zimeshafika viwandani. Nchini Uganda, Nile Breweries ilianza kuuza bia ya Eagle mwaka 2002 ikitumia mtama wa aina ya Epuripur uliolimwa na wakulima wa huko. Hapa nyumbani, Banana Investments ya Arusha ilianza miaka ya 1990 kwa kinywaji cha ndizi. Kilichoanzia kwenye mtungi kinaweza kufika kwenye chupa yenye lebo, ikiwa mwenyewe ana kumbukumbu na usafi.

Unga ulioloa: hatari isiyoonekana

Sehemu hii isirukwe na msomaji yeyote wa bondeni. Mwezi Januari 2015, katika mji wa Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu waliokuwa msibani walikunywa pombe ya kienyeji ya mahindi. Waliougua walizidi 170, na 75 walifariki, akiwamo mama aliyeipika. Kwanza watu walidai kuwa pombe ilitiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulikuta jambo jingine. Unga wa mahindi ulikuwa umeingiliwa na bakteria wanaotengeneza sumu iitwayo asidi ya bongkreki. Sumu hiyo haina harufu wala ladha ya kumshtua mnywaji, na haiondoki kwa kuchemsha.

Bonde la Kilombero hufurika. Kila masika yapo maghala yanayoingiwa na maji, na wapo wanaouza unga au nafaka iliyoloa kwa bei ya kutupa, wakijua mpishi wa pombe ndiye mnunuzi wa mwisho. Unga huo usinunuliwe. Nafaka yenye ukungu pia ina hatari ya sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, nayo haiishi kwa kupikwa. Dhana kwamba kilichoharibika kwa ugali bado kinafaa kwa pombe ni dhana ya kuua watu.

Sheria na leseni

Anayetaka kuuza aanzie ofisi ya biashara ya halmashauri yake, kwa Ifakara ikiwa ni Halmashauri ya Mji. Uuzaji wa vileo unasimamiwa na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na pombe za kienyeji zimo. Afisa afya naye atataka kuona mahali pa kupikia, maji na choo.

Kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake ili kupata gongo ni jambo jingine kabisa. Hilo limedhibitiwa na sheria ya mwaka 1966 inayohusu moshi, na mpishi wa nyumbani hana ruhusa nalo. Asivutwe na faida yake. Baada ya Serikali kupiga marufuku pombe za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, wapo walioona pengo la kinywaji kikali cha bei ndogo. Pengo hilo lina polisi ndani yake.

Anayekusudia kufunga kwenye chupa na kuuza mbali ajue kwamba atahitaji kuthibitishwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na stempu za kodi za kielektroniki zilizoanza kutumika kwa vileo mwaka 2019. Kabla ya kufika huko apite SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, apate ushauri wa mashine na mafunzo.

Neno la mwisho kwa mwekezaji

Kwa mwezi wa kwanza, pika ndoo moja kwa wakati mmoja, na uandike kila kitu: uzito wa unga, kimea kimetoka wapi, joto ulipokitia, saa ngapi pombe iliiva, lita ngapi ziliuzwa na ngapi zilimwagwa. Pombe ya namna hii huuzwa ikiwa bado inachemka, na baada ya siku mbili tatu huwa siki. Kwa hiyo pika kwa kiasi cha wateja ulio nao, wala si kwa ukubwa wa chombo. Machicha usiyatupe. Mfugaji wa nguruwe au kuku atayanunua, ilimradi nafaka yake ilikuwa nzima.

Mkupuo ukikutia shaka, mwaga. Hasara ya Sh. 26,000 ya mfano wetu inarudi kwa mikupuo mitatu. Mteja aliyezikwa harudi, wala jina la mpishi halirudi. Na yule asiyeandika atabaki akishangaa fedha imekwenda wapi, kwani wahenga walikwishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.